Boksi Lenye Sura ya Duvi

Ilikuwa Jumamosi ya tatu Duvi anasimama kando ya friza za supamaketi, amevalishwa shali isiyo yake, akigawa mole ya boksi, ule mchuzi mzito wa Kimeksiko wa pilipili kavu na chokoleti, ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuionja.

Shali ilikuwa ya kampuni. Mpiga picha wao ndiye aliyeamua kwamba mwanamke anayepika mole lazima awe na shali ya sufu mabegani na nywele nyeupe kuliko alizojaliwa na Mungu, basi kwenye boksi akatokea bibi kizee wa miaka themanini, anatabasamu kama aliyeokota kitu, na juu yake maandishi mekundu: Nana Duvi, yaani Bibi Duvi. Duvi ana miaka hamsini na tisa. Siku za kawaida huvaa fulana ya timu ya besiboli na suruali ya mpira kiunoni, na mtu akimwita nana atamtazama mpaka ajutie. Lakini watu wa Los Angeles Mashariki walimtambua hivyo hivyo. Nusu yao walikuwa wamekula kwa mkono wake nyuma ya kanisa, kila Jumapili baada ya misa, kwa miaka kumi na minane.

Kwa nini hakuwa ameionja? Aliwaambia watu meno yanamsumbua. Ukweli ni kwamba aliogopa, na alijua vizuri anaogopa nini.

Kuna jambo ambalo watu wa kampuni hawakulijua, na hakuna aliyewaambia kwa sababu hakuna aliyedhani linahitaji kusemwa. Ukimwomba mwanamke wa kwao Puebla, Meksiko, akufundishe mole yake, atakufundisha kwa moyo mkunjufu. Atakuandikia, atakushika mkono, atakuonyesha pilipili kavu zinavyochomwa na ufuta unavyokaangwa, halafu atakuficha kitu kimoja. Si roho mbaya hiyo, ni adabu ya jikoni. Anayefundishwa anajua kabisa kwamba amepunjwa, na kazi yake ni kurudi, kusifu, kuleta mkate mtamu, kukaa jikoni na kuvizia. Siri ya mtungi aijuaye kata. Wengine hurudi miaka kumi kabla hawajapewa, na wengine hawapewi.

Kampuni ilipomletea Duvi mkataba, aliwaandikia vitu ishirini na kimoja. Mole yake ina vitu ishirini na viwili. Rogelio Bañuelos, kijana wa kampuni mwenye viatu vinavyong'aa, alimsomea polepole: kwamba ametoa upishi wote bila kubakiza, kwamba upishi huo, pamoja na lolote litakaloongezwa baadaye, ni mali ya kampuni, kwamba hatauza tena mole, yeye wala mtu kwa niaba yake, kwamba jina na sura yake vitakaa kwenye boksi miaka kumi. Duvi akatia saini. Alifikiri kama ambavyo jirani yake yeyote angefikiri, kwamba watapika, wataona haijafika, watarudi kuuliza, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli yataanza.

Hawakurudi kuuliza. Walinunua mashine.

Basi Jumamosi hiyo ya tatu akaja Herminia, somo yake wa miaka thelathini na zaidi, aliyemshikia binti yake Araceli ubatizo. Herminia ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuzia samaki, na siku hiyo kwa mara ya kwanza aliishusha. Alichukua kikombe cha karatasi, akaonja kwa kijiko cha plastiki, akafumba macho, akayafumbua.

"Somo," akasema, "umewapa mole kiwete."

Alikuwa anacheka kwa furaha ya kweli. Kwake yeye Duvi alikuwa ameshinda: wazungu wenye majengo ya vioo wamepewa vitu ishirini na kimoja badala ya ishirini na viwili. Akamwambia kwamba tangu alione lile boksi alikuwa hapati usingizi akidhani mwenzake ameuza kila kitu, na sasa atalala. Akanunua maboksi mawili kwa heshima ya urafiki, akaenda zake kwenye foleni ya malipo akiwa bado anatikisika mabega.

Duvi akabaki na sinia. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akachukua kikombe, akala.

Ilikuwa mole yake, na hilo ndilo lililomuuma. Pilipili zilikuwemo, ufuta ulikuwemo, chokoleti ilikuja mahali pake na mdalasini ukaifuata. Ulimi ulikwenda nayo hatua kwa hatua kama anayeshuka ngazi za nyumbani kwake gizani, kisha mguu ukatafuta kidaraja cha mwisho na hakikuwepo. Kilichobaki kilikuwa tope tamu lenye pilipili. Duvi aliona aibu kiasi kwamba masikio yalipata moto.

Na wakati huo huo akaja mzee mmoja mwenye kofia pana, ambaye kila Jumapili kwa miaka mingi alikula sahani mbili nyuma ya kanisa na kufungiwa ya tatu. Alionja, akakifuta kikombe mpaka chini kwa adabu, akakitupa kwenye pipa. Kisha akamsogelea na kumuuliza taratibu, "Doña Duvi, umechoka siku hizi?"

Duvi akamwambia amechoka kidogo. Angesema nini kingine? Angemwambia kwamba hajachoka, ila ameidanganya kampuni, na uongo huo akautia saini kwenye karatasi yenye muhuri? Mzee akamwombea afya na kuondoka bila boksi.

Saa nane Rogelio akafika kuchukua sinia na shali. Si kijana mbaya. Bibi yake alitoka Zacatecas, kule Meksiko, ila yeye amezaliwa hapa na hawezi kuchemsha maharage. Akamweleza Duvi kwamba watu wananunua mara moja na hawarudi, kwamba wapishi wa kampuni wameonja hadi ndimi zimekufa ganzi, na kwamba wote wanasema kuna kitu kinakosekana lakini hakuna anayekijua. Kama labda amesahau kitu, akasema, akitazama viatu vyake, basi akikumbuke kabla ya Jumatatu. Kitaongezwa kimya kimya, kitakuwa mali ya kampuni kama vile vingine, na hakuna atakayeuliza kwa nini hakikuwepo. Asipokumbuka, ghala limejaa na maboksi yataendelea kutoka yalivyo. Duvi akauliza kama wanaweza angalau kuitoa sura yake. Rogelio akamkumbusha ile miaka kumi, na alionekana kusikitika kweli.

Duvi akarudi nyumbani na basi, amekalia kuti kavu. Akisema, atakuwa amewapa hata kile alichowaficha, na hatabaki na chochote kilicho chake. Akinyamaza, kila siku mtu fulani katika jiji hili atafungua boksi, atamtazama usoni, na kusema huyu mwanamke hajui kupika. Alihesabu: ataachiliwa akiwa na miaka sitini na tisa.

* * *

Jumapili Araceli akaja baada ya misa. Huyu ndiye binti yake wa pekee, ana miaka thelathini na minne, mrefu kama marehemu baba yake, na anafanya kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Alikuja na boksi mkononi, amelinunua mwenyewe njiani. Alisema anataka kula na mama zake wawili, mmoja mezani na mmoja kwenye boksi.

Duvi alijaribu kumzuia. Alisema kuna mayai. Alisema kuna maharage ya jana, kuna jibini mbichi, mole ya boksi si chakula cha Jumapili. Araceli alicheka, akatoboa karatasi ya plastiki kwa uma, akaingiza kwenye maikrowevu. Dakika sita. Duvi alisimama akiitazama ile sahani inazunguka ndani ya taa ya njano, na hakuwahi kuona dakika ndefu kama zile.

Chumba cha nyuma televisheni ilikuwa inaongea peke yake. Huko ndiko anakokaa mama yake Duvi, bibi Tránsito, ana miaka themanini na sita, hatoki kwenye kiti chake ila kwa sababu ya maana.

Araceli akaketi, akapuliza, akala kijiko cha kwanza. Akala cha pili. Akaweka kijiko chini, akakitazama, akakichukua tena na kula cha tatu polepole, na cheko lote likamtoka usoni.

"Hii ni yangu," akasema.

Duvi akamuuliza yake vipi.

"Mole yangu, mama. Hivi hivi ndivyo inavyotoka. Ile ya kwangu, ya jikoni kwangu, ambayo Fermín anaila kwa kuvumilia."

Inafaa isemwe hapa, maana bila hili mtu hawezi kuelewa kilichotokea. Araceli alipoolewa, miaka kumi na miwili iliyopita, mama yake alimpa upishi wa mole umeandikwa kwa mkono kwenye karatasi mbili, akamfungia kwenye kitambaa alichokidarizi. Araceli akaupika, ikawa haijafika. Akaupika tena. Akarudi kwa mama yake kuuliza, na mama yake akamwambia ni mazoea, mkono utazoea. Miaka mitatu iliyopita akachukua akiba yake, akanunua meza, sufuria na turubai, akafungua kibanda kwenye gulio la Jumapili, lile la maegesho ya magari. Binti wa Doña Duvi, watu wakaja kwa jina. Walikula mara moja. Baada ya miezi minne kibanda kikafa, na Araceli akarudi kutandika vitanda vya wageni. Fermín, mumewe, ambaye hana ubaya ila hana breki, akawa anatania mbele za watu kwamba mke wake ana mkono mkavu. Araceli akacheka nao, kisha akaamini.

"Kampuni uliwapa karatasi gani?" akauliza.

Duvi akasema karatasi ya mole.

"Ile ile uliyonipa mimi?"

Duvi akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Mama, nakuuliza. Mimi na kampuni umetupa karatasi moja?"

Angeweza kusema mengi. Kwamba ndivyo inavyofanywa, kwamba binti akiolewa hupeleka kila kitu kwa mama mkwe, kwamba alikuwa anasubiri tu wakati ufike. Kwamba alipoona kibanda kinakufa alitaka kusema, akaona haya, maana kusema siku ile kungekuwa kukiri ya miaka tisa ya nyuma, na kila mwezi uliopita uliifanya kauli kuwa nzito zaidi kutamka. Yote hayo ni kweli. Lakini alichosema ni kwamba angemwambia siku moja.

"Siku ipi? Nilikaa pale chini ya turubai nikimwaga sufuria nzima kwenye mfereji. Ulikuja ukanisaidia kumwaga."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Duvi alikuja, akashika mpini wa upande wa pili.

Araceli hakupiga kelele. Wangegombana ingekuwa nafuu. Alichukua mkoba wake, akasogeza kiti mahali pake. Desturi yao, tangu akiwa mtoto, ni kwamba haondoki nyumba hii bila kuinamisha kichwa mlangoni, na mama yake kumchorea msalaba kwenye paji la uso. Duvi alimfuata mpaka mlangoni na mkono akauinua. Araceli akapita chini yake, akashuka ngazi, akawasha gari. Mkono ukabaki juu kwa muda, hauna pa kwenda.

* * *

"Niletee hiyo sahani," bibi Tránsito akaita kutoka chumba cha nyuma. Alikuwa amesikia yote. Masikio yake yanachagua, na siku hiyo yalichagua kusikia.

Duvi akampelekea mabaki ya binti yake, yameshapoa. Alimwambia kwa hasira kwamba ni takataka, ni chakula cha barafu, asijisumbue. Bibi akala hata hivyo. Alikula vijiko vinne, ulimi ukitembea ndani ya mdomo usio na meno mengi. Kwenye televisheni mwanamke mmoja alikuwa anamlilia mwanamume, na bibi akaizima, jambo ambalo halifanyi hata padri akija.

"Vinakosekana viwili," akasema.

Duvi akamsahihisha. Ni kimoja. Ni jani la mparachichi, lile la mti wao wa nyuma ya nyumba, ulioota kutokana na kokwa ambayo bibi mwenyewe aliivusha mpakani ndani ya sidiria. Matunda yake ni madogo meusi na majirani huyacheka. Hawajui kwamba majani yake yana harufu ya shamari, tofauti na miparachichi ya watu wengine, na kwamba Duvi huyakausha, huyachoma kidogo, huyasaga, huyaweka kwenye mkebe wa kahawa mahali ambapo hakuna mtu hutafuta. Ndicho kitu cha ishirini na mbili, na alikipata kwa mama yake baada ya kuvizia miaka saba.

"Jani ndiyo moja," bibi akasema. "La pili sikukwambia."

Duvi akaketi juu ya kitanda. Kwa miaka arobaini amepika mole ya mama yake. Watu wamepanga foleni kwenye jua, padri amemsifu madhabahuni, kampuni imekuja na mkataba. Na siku zote hizo kulikuwa na ulimi mmoja nyumbani, chumba cha nyuma, uliokuwa unajua kwamba haijafika. Akamuuliza kwa nini. Sauti yake ilitoka kama ya Araceli dakika chache zilizopita, naye aliisikia.

Bibi alifikiri kwanza. "Ulikuwa unakuja kila Jumamosi na kijiko," akasema. "'Mama, onja, imefika?' Nami nakwambia bado kidogo. Ningekupa kile kitu, ungekuja kufanya nini?"

"Ningekuja kukuona."

"Hakuna anayekuja kuona mtu. Watu wanakuja kuuliza."

Duvi akamwambia basi amwambie leo. Hakuna tena pa kwenda, wanakaa nyumba moja, anamwosha mgongo kila asubuhi. Bibi akakubali, bila kubishana, kama mtu ambaye mzigo umeshamchosha. Akafumbua mdomo. Akaufumba. Mkono wake wa kulia ukainuka kutoka kwenye blanketi, vidole vitatu vikabana kitu kisichokuwepo, vikanyunyiza juu ya sufuria isiyokuwepo, mara mbili. Akautazama ule mkono.

"Ngoja," akasema.

Walingoja. Duvi akaenda jikoni, akabeba kila mkebe na kila chupa, akavipanga kwenye godoro. Akamnusisha kimoja kimoja: karafuu, bizari, pilipili manga, kotimiri kavu, zabibu, mbegu za maboga. Bibi alinusa kwa makini, na kila kimoja alisema hicho kimo, hicho kimo. Kufika saa kumi vilikuwa vimekwisha. Alikumbuka tu kwamba kilikuwa kinauzwa sokoni kijijini kwao, siku za Jumanne, na mwanamke mmoja aliyekaa kwenye kitambaa cha buluu. Duvi akamuuliza jina.

"Lake, au la kile kitu?"

"Lolote, mama."

"Nimesahau yote mawili," bibi Tránsito akasema, na akaanza kulia, jambo ambalo Duvi hakuwa amelishuhudia tangu mazishi ya baba yake. Alilia kwa hasira, akiupiga ule mkono kwenye tegemeo la kiti. Duvi akaushika ili usiumie. Alitaka kumkasirikia na hakuweza, na kule kutoweza kulimchosha kuliko hasira yenyewe.

* * *

Jumatatu asubuhi Rogelio akapiga simu. Duvi alikuwa ameshaamua, ingawa ukimuuliza leo atakwambia hakuna kilichoamuliwa, alikwenda tu upande ambao ukuta ulikuwa na nafasi. Akiwatajia kampuni lile jani, litakuwa lao kuanzia dakika hiyo, na binti yake hataweza kuuza hata sahani moja yenye jani hilo maisha yake yote. Lisipotajwa, halimo kwenye karatasi yoyote, na kitu kisichokuwa kwenye karatasi hakuna anayeweza kumnyang'anya mtu. Katika mali yote ya Duvi, kile alichoiba tu ndicho kilichokuwa bado chake.

Akasema vyote vimo kwenye karatasi. Hakusahau chochote.

Rogelio akasema, "Basi sawa, Doña Duvi," kwa upole ulioonyesha kwamba haamini. Akamwambia Jumamosi atapelekwa supamaketi nyingine, na kwamba shali imefuliwa. Duvi akashukuru, akakata simu. Aliona miaka yote kumi imepangwa mbele yake, kila Jumamosi na sinia lake, kila mzee mwenye kofia akimuuliza kama amechoka. Akafungua dirisha, lakini hewa haikusaidia kitu.

Alasiri akachuma majani, akayatia kwenye mfuko wa karatasi, akapanda mabasi mawili mpaka kwa Araceli.

Araceli alikuwa ndiyo ametoka kazini, sare ya hoteli bado mwilini, viatu mkononi. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Duvi akapitiliza mpaka jikoni, akaweka kikaango cha chuma juu ya moto, akamwita. Alimwelekeza kama alivyopaswa kumwelekeza miaka kumi na miwili iliyopita: majani matatu kwa kuku mmoja. Unayapitisha kwenye chuma mpaka yabadilike rangi, usiyaache yaungue. Unayasaga pamoja na karafuu, unayaingiza mwisho, chokoleti ikishayeyuka. Akamwambia pia kwamba kampuni hawajui na hawatajua, kwamba hili ni lake yeye, na vile vingine alipewa kabla ya mkataba, kwa hiyo anaweza kulipika na kuliuza kwa niaba yake mwenyewe popote, na akitaka kufungua kibanda kesho afungue.

Araceli akaweka jani la kwanza mwenyewe. Lilijikunja, likatoa moshi mwembamba, na harufu ikajaa jikoni. Akainama juu yake. Akakaa ameinama hivyo muda mrefu, mpaka Duvi akadhani moshi umemkereketa.

"Mimi hii harufu naijua," Araceli akasema. "Nilidhani ni harufu ya nguo zako."

Akalia, na Duvi akalia, na jani likaungua, wakaweka jingine. Kwa muda kama wa robo saa mambo yalikuwa mazuri katika jikoni ile. Araceli akazileta zile karatasi mbili, zimechakaa, zina madoa ya miaka, akatafuta kalamu. Chini ya kitu cha ishirini na moja akaandika ishirini na mbili, jani la mparachichi wa nyumbani, matatu. Kisha akainua macho. Hakukuwa na ukali ndani yake. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anavyouliza kabla hajafunga mlango.

"Ndiyo yote, mama?"

Siku hiyo hiyo asubuhi Duvi alikuwa ameulizwa swali hilo na akajibu bila kumeza mate. Sasa alisimama na mfuko mkononi. Angesema ndiyo, na binti yake angemwamini, na ingekuwa uongo, na angekuwa amerudi pale pale alipokuwa. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajue kushika mwiko. Alisema kweli.

"Kimebaki kimoja," akasema. "Lakini sikijui. Bibi yako alinificha, na yeye mwenyewe amekisahau."

Araceli akamtazama. Duvi aliyasikia maneno yake yakitua mezani, na akayasikia jinsi binti yake alivyoyasikia. Katika mtaa ule, katika ukoo ule, hakuna mwanamke aliyewahi kuficha kitu akapata kisingizio kizuri kuliko hicho. Akaapa kwa Bikira. Akaapa kwa kaburi la baba yake. Akaeleza habari ya mwanamke wa kitambaa cha buluu, na mikebe juu ya godoro, na vidole vitatu, na kila alipoongeza neno kisa kilizidi kufanana na hadithi. Akasema waende wamuulize bibi sasa hivi. Araceli akasema, bila ubaya, kwamba bibi anasema anachoambiwa aseme.

Kisha Araceli akaandika ishirini na tatu, akaacha mstari mtupu mbele yake, na kufunika kalamu. Uso wake ulikuwa umelainika. Alionekana hata kama mtu aliyefarijika, kwa kuwa sasa alijua mahali aliposimama, na ni mahali ambapo wanawake wote wa kwao wamewahi kusimama. Akamsindikiza mama yake mpaka mlangoni, akainamisha kichwa, akangoja msalaba.

"Si neno, mama," akasema akiwa bado ameinama. "Nitakuja Jumapili, nikuulize tena. Nitaleta mkate."